Kazi Bila Ujira Yawafungia Vijana Mlango

WAHENGA walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo, kijana wa Entarara, Kajiado, anayetamani kuwa mwandishi wa habari za sayansi huenda akatakiwa kufanya kazi Nairobi miezi mitatu bila malipo, ati anapata ujuzi. Kodi, nauli na chakula atavitoa wapi? Mbuzi wa nyumbani watauzwa hadi lini?

Hivyo nafasi huwaendea wenye wazazi wa mjini wanaojiweza. Hasara si ya kijana peke yake. Baadhi ya visima vya Kajiado vina maji yenye floraidi nyingi, inayotia meno rangi ya kahawia. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 nao uliangamiza mifugo wengi. Ni nani atakayewaeleza wafugaji mambo hayo kwa Kimaasai redioni ikiwa mtoto wao alishindwa na nauli?

Kuwalipa wanagenzi kunawezekana. Serikali ilipoanzisha mpango wa wanagenzi katika utumishi wa umma mwaka 2019, iliwapa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Vyombo vya habari navyo vitoe walau nauli na chakula.

Nanyi wazazi na wanafunzi, kabla ya kukubali nafasi, ulizeni kwa maandishi: posho ni kiasi gani?