Vumbi Halipigi Hodi



Mvua ikishakatika mwezi wa tano, Kolwezi yetu inabadilika rangi. Majani ya mwembe yanakuwa mekundu, nguo nyeupe zinaanuliwa zikiwa na rangi ya udongo, na usiku tunawasikia watoto wakikohoa. Tumezoea. Alfajiri tunashika ufagio, tunafagia nyumba na parsele yote, vumbi linapanda hadi kwenye mabati, kisha linashuka polepole pale pale lilipotoka. Safari hii linapitia kwenye pua ya mtoto anayetambaa.

Vumbi la mji huu si udongo mtupu. Limechanganyika na shaba na kobalti, yanayodondoka kwenye malori na kupeperushwa kutoka kwenye mashimo na marundo ya madini. Mfano tunaoujua wote ni Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba katika parsele yake akakuta madini ya kobalti, na baada ya muda mfupi majirani nao wakawa wanachimba hadi chini ya sakafu za vyumba vyao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakazi wa mtaa huo, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa mwingine waliolinganishwa nao, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto mdogo hashuki shimoni. Anacheza chini, kisha anatia vidole mdomoni.

Tunajua swali linalokuja. Kwa nini mama na ufagio wake ndio waombwe kutunza mazingira, wakati malori yanapita mchana na usiku? Swali ni halali kabisa. Kumwagia barabara maji, kufunika mizigo, kuzuia maji machafu ya viwandani yasiingie mitoni, hiyo ni kazi ya makampuni na ya serikali, na hakuna mama anayepaswa kunyamaza kuidai eti kwa sababu nyumba yake ni safi. Lakini mtoto anatambaa leo.

Basi tuanze na sakafu. Tuache kufagia pakavu. Tunyunyize maji kwanza, au tupanguse kwa kitambaa kilicholowa. Maji ni shida, hilo tunalijua sisi tunaobeba bidoni kichwani, ndiyo maana tunasema tutumie maji ya mwisho ya kusuuzia nguo. Viatu vibaki mlangoni. Nguo za baba au kaka anayetoka mgodini zisikung'utwe ndani wala karibu na jiko. Ziloweshwe moja kwa moja katika beseni lake, zisichanganywe na nguo za mtoto. Na ule mfuko uliobeba madini, hata ukiwa bado mzima, usigeuzwe mkeka wa kulalia wala mfuko wa kuwekea unga wa bukari. Tumeuona ukitumiwa hivyo katika nyumba nyingi, tena nyumba za watu makini. Mfuko mzuri ni vigumu kuutupa.

Chakula nacho kinapokea vumbi. Mihogo inayoanikwa kando ya barabara, samaki wabichi wanaouzwa bila kufunikwa, lengalenga na matembele, vyote vinalala chini ya hilo wingu jekundu. Majani tuyaoshe kabla ya kuyakata, tubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Ila kuosha kunaondoa kilicho juu ya jani tu. Kile ambacho mboga imefyonza kutoka ardhini hakitoki kwa maji, kwa hiyo wenye bustani wachague mahali mbali na barabara ya malori, mbali na mito inayopokea maji ya viwanda na mahali ambapo madini yamewahi kuoshwa.

Sasa makala. Hapa tunasema jambo ambalo linatuuma kidogo. Waya mkubwa wa umeme umetoka Inga kuja Kolwezi tangu miaka ya 1980, umbali wa kilomita 1,700 hivi, kwa ajili ya migodi. Nzilo na Nseke ziko kwenye mto wetu wenyewe, Lualaba. Na bado wengi wetu tunapika kwenye mbabula. Makala hayo ni msitu wa miombo, msitu ule ule unaotupa uyoga na viwavi mvua zikianza. Kwa tanuru la kawaida la udongo, kilo 1 ya makala hula kilo 5 hata 10 za kuni. Tukipunguza makala nyumbani, miti inapumzika, na pesa inabaki kwenye kitambaa cha mama.

Maharagwe yaloweshwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe kila wakati, hata kifuniko kikiwa hakilingani. Maharagwe yakichemka vizuri kwa nusu saa, yaepue pamoja na maji yake, funga sufuria kwa mablanketi ya zamani ndani ya kikapu, na uyaache saa kadhaa. Yataendelea kuiva bila moto. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Mara ya kwanza mtacheka. Sisi pia tulicheka, mpaka tulipofungua kikapu.

Jambo moja kuhusu moto haliwezi kungoja. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi kali hapa kwetu, na kuna wanaoingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto. Moshi wa makala unaoua hauonekani wala haunuki. Mbabula ibaki nje.

Wala tusiwashe makala kwa sashe. Plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na anayeupuliza moto ndiye anayeuvuta kwanza. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini sokoni hata chumvi ya faranga mia bado inafungwa kwenye sashe. Tukienda na kikapu na kopo letu, muuzaji anabaki na zake. Kuwashia moto, maganda makavu ya mahindi yanatosha.

Jumamosi hii, baada ya mkutano, tutakandika mbabula kwa ndani. Udongo wa kichuguu ukikandwa vizuri unashika joto, na makala hayaishi haraka. Tutautoa kwenye kichuguu kilicho mbali na mashimo. Aliye na mbabula iliyotoboka aje nayo, asione haya, maana nyingi zetu zimetoboka. Anayeweza abebe ndoo ya maji.