Miwani pekee haimkingi asiyeona mbali dhidi ya upofu

MIWANI humwezesha asiyeona mbali kusoma tena maandishi ya ubaoni au nambari ya matatu inayokaribia. Kwa sababu hiyo, wengi huamini kwamba pindi lenzi inayofaa inapopatikana, shida imekwisha. La hasha! Lenzi huelekeza miale ya mwanga inavyopaswa, lakini haibadilishi umbo la jicho, na humo ndimo hatari hujificha.

Kasoro hii, ambayo kitaalamu huitwa mayopia, aghalabu husababishwa na jicho kurefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Jicho la kawaida la mtu mzima huwa na urefu wa takriban milimita 24. Linaporefuka, retina, yaani utando mwembamba wa nyuma unaopokea picha, hunyooshwa na kudhoofika.

Udhaifu huo waweza kuzaa maradhi kadhaa. Retina huweza kuchanika na kubanduka. Kitovu chake, ambacho hutumika kusomea na kutambua nyuso, huweza kuchakaa. Isitoshe, mwenye mayopia hukabiliwa zaidi na glakoma, maradhi ambayo wengi huyaita presha ya macho, na huenda akapata mtoto wa jicho mapema kuliko wenzake.

Je, ni nani aliye hatarini zaidi? Kigezo cha kwanza ni nambari inayoandikwa kwenye cheti cha miwani ikiwa na alama ya kutoa. Mayopia inayofikia dayopta 6 au zaidi huhesabiwa kuwa kali. Hata hivyo, aliye na kiwango cha chini hapaswi kubweteka. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mnamo 1993 ulibainisha kuwa wenye dayopta 1 hadi 3 walikuwa na hatari ya retina kubanduka mara nne kuliko wasio na mayopia. Kwa waliozidi dayopta 3, hatari hiyo ilikuwa mara 10.

Daktari pia huzingatia umri, historia ya familia, majeraha ya jicho, upasuaji wa mtoto wa jicho na iwapo retina ya jicho la pili iliwahi kubanduka. Kisha hutia matone ya kupanua mboni ili achunguze retina hadi pembezoni, hupima shinikizo la ndani ya jicho na kukagua neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Shinikizo likiwa la kawaida, glakoma bado yaweza kuwepo, ndiposa ukaguzi wa neva hauepukiki. Kwa kuwa matone hayo hutia kiwi kwa saa kadhaa, mgonjwa hashauriwi kuendesha gari akitoka kliniki.

Uchunguzi huu ni tofauti na ule wa kusoma herufi ukutani, ambao kwa kawaida hulenga kupata nambari ya miwani tu. Mwenye mayopia kali anashauriwa kufanyiwa uchunguzi kamili angalau mara moja kwa mwaka. Hata aliyerekebishwa macho kwa miale ya leza asijihesabu kuwa salama, kwani leza hubadilisha umbo la kioo cha mbele cha jicho ilhali urefu wa jicho husalia vilevile.

Kwa watoto, nafasi ya kupunguza hatari ingalipo. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mnamo 2019 ulionyesha kuwa kuzuia ongezeko la dayopta 1 tu huweza kupunguza kwa asilimia 40 uwezekano wa kitovu cha retina kuathirika. Kucheza nje mchana huchelewesha kuanza kwa mayopia, na yapo matone na lenzi maalumu za kupunguza kasi yake.

Dalili za hatari ni vimulimuli vya ghafla, vidoadoa vingi vyeusi vinavyoelea machoni, au kivuli kinachoshuka mithili ya pazia. Kwa kuwa retina inayobanduka haileti maumivu, wengi husubiri wakidhani ni uchovu. Mtu akiziona, sharti afike kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Retina iliyochanika tu huweza kuzibwa kwa leza kliniki. Ikishabanduka, huhitaji upasuaji, na kitovu kikishang'oka, huenda uwezo wa kuona usirejee kikamilifu.