Sinema ya Hatari! na Watoto Wetu wa Arusha

Mama mwenzetu, mtoto wako akikuuliza kwa nini wageni wanaijua Momella, utamjibu nini?

Sisi tunaolea watoto chini ya Mlima Meru tumerithi jambo ambalo miji mingi haina. Mwaka 1962 sinema ya Kimarekani yenye jina la Kiswahili, Hatari!, ilianza kuonyeshwa duniani. Picha zake zilipigwa huku kwetu, Tanganyika ikiwa inaelekea uhuru, na mwongozaji alikuwa Howard Hawks. John Wayne na wenzake wanaigiza watu wanaokamata vifaru, twiga na wanyama wengine kwa ajili ya bustani za ng'ambo. Mwenzao mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda nchi hii hata akanunua shamba huko huko Momella.

Ni vizuri watoto waifurahie sinema hiyo. Lakini tusiwaache wafundishwe nayo peke yake. Mtoto anaweza kudhani kwamba Momella ilikuwa nchi ya wanyama na wageni, na babu zake walikuwa wasaidizi tu.

Ukweli ni kwamba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Ngarenanyuki, jirani na Momella, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa mateso ya watu wake. Hayo hayamo katika sinema.

Vifaru nao wana habari yao. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua karibu wote nchini. Mtoto anayecheka kifaru akikimbizwa anastahili kulijua hilo pia.

Tufanyeje, basi? Tuitazame sinema pamoja na watoto, kisha tuzungumze. Kama yupo bibi au babu anayekumbuka siku zile, aketi nao awasimulie. Tukijaliwa nauli, tuwapeleke Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wayaone maziwa ya Momella kwa macho yao.

Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour ilizinduliwa hapa Arusha, na aliyewatembeza wageni ndani yake ni Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke na mama. Binti zetu nao wanaweza kusimulia habari za nchi yao, ila kwanza wazisikie kwetu nyumbani.