Beit el-Ajaib Haikuangushwa na Mizinga

Kwa zaidi ya miaka mia na ishirini, abiria aliyeingia bandari ya Unguja, awe wa jahazi au wa meli, alikuwa na alama moja ya kumjulisha kuwa amefika: jumba refu jeupe lenye mabaraza ya ghorofa tatu, na mnara wa saa juu yake. Ijumaa ya tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kila tunapozungumza habari za Beit el-Ajaib, hao ndio wa kutajwa kwanza.

Jumba lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Halikuwa nyumba ya kulala bali jumba la sherehe na la kupokelea wageni. Kuta zake zilikuwa za matumbawe ya hapa hapa, na nguzo za mabaraza zilikuwa za chuma cha kusubu. Baadaye likawa la kwanza mjini kuwaka taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kutiwa lifti. Sisi hatuoni haya kuyataja hayo, ingawa tunajua mali ya zama zile ilitoka wapi. Ilitoka katika mashamba ya karafuu na katika jasho la watumwa, ambao soko lao lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Mawe yale yalibebwa na watu, na watu hao hawakuandikwa majina yao popote.

Tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Kiingereza zilielekeza mizinga ufukweni ili kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash katika kiti. Vita hivyo havikufika saa nzima. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ilibomolewa kabisa, Beit al-Sahel ikadhurika, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika vibaya. Beit el-Ajaib ikabaki imesimama, na mwaka uliofuata ikatiwa mnara wa saa usoni pake. Tangu mwaka 1911 wakoloni waliigeuza ofisi za serikali yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa mahali pa Chama cha Afro-Shirazi, ikiwa na skuli na makumbusho. Ndipo mtoto wa mkwezi na wa mkulima alipopanda ngazi ambazo babu yake hakuruhusiwa kuzikaribia. Miaka ya mwisho ilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni, ndani yake mkiwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari.

Basi mizinga haikuiangusha. Mwaka 2012 kipande chake kilianguka, milango ikafungwa kwa umma, na miaka minane ikapita mpaka siku ile ya Desemba. Hatuandiki haya ili kumtafuta wa kulaumiwa. Hiyo ni kazi ya wenye dhamana ya uchunguzi. Twataka kusema jambo ambalo kila mwashi wa Mji Mkongwe analijua: nyumba ya matumbawe adui yake ni maji. Paa likivuja, boriti huoza mahali ilipoingia ukutani, pasipoonekana na jicho. Chokaa hupumua na kutoa unyevu. Saruji huufungia ndani, na juu ya lipu ya saruji rangi huonekana nzuri huku ukuta ukigeuka vumbi. Sisi wenyewe tumeshuhudia jengo moja la umma, ambalo hatutalitaja, likipakwa rangi haraka haraka kwa ajili ya sherehe, na mlizamu wake umeziba kwa majani.

Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwisho wa karne ya 17, bado imesimama kando. Beit al-Sahel ipo. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 na kufanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2009, hujaa watu kila magharibi. Huo wote ni mtaa mmoja na urithi mmoja, nao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Waheshimiwa wenye mamlaka, fedha za kujenga upya aghalabu hupatikana, kwa kuwa hutangazwa na hukatiwa utepe. Fedha za kuzibua mlizamu hazina sherehe. Tunashauri kila jumba la serikali katika Mji Mkongwe liwe na fungu lake la matengenezo katika bajeti ya kila mwaka, lisiloweza kuhamishiwa kwengine, na mwashi wake anayelijua kwa jina. Nao vijana wafundishwe kuchoma na kuloweka chokaa na wazee waliobaki, ambao hawazidi kuongezeka. Masika huanza mwezi wa Machi, na mapaa yapasa kukaguliwa kabla yake.