"Mke" na "Mwenzi wa Ndoa" katika Nyaraka za Uraia

Wafasiri wa fomu za uhamiaji aghalabu hupendelea neno "mwenzi", kwa kuwa halibagui mume wala mke. Upendeleo huo una hatari yake. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, katika kifungu cha 11, ilipotungwa ilimtaja mwanamke aliyeolewa na raia: huyo aweza kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hakutajwa. Aliachwa chini ya masharti ya tajnisi yawapasayo wageni wote. Mfasiri akiandika hapo "mwenzi wa raia", amempa mume haki ambayo Bunge halikumpa, naye atalitambua hilo dirishani, akiwa amekwisha kukusanya vyeti. Kama sheria yaonekana kupendelea upande mmoja, kuirekebisha si kazi ya mfasiri.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, ni kinyume. Yenyewe yamhusu mtu yeyote aliyekuwa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka 7. Hapo "mke" lingepunguza haki. "Mwenzi wa ndoa" ndilo lifaalo, tena kwa ukamilifu wake, maana hata mfanyakazi wa meza ya pili huitwa mwenzi. Isitoshe, Katiba hiyo yataja kusajiliwa, si tajnisi.

"Mchumba" asiingizwe katika kundi hili: hajafunga ndoa, wala hana cheti cha kuonyesha.