Kabla hujafomati, angalia saa!

 Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo. Wengi wananiuliza kuhusu hizi kompyuta za mezani za mtumba: inunuliwe ipi, ikigoma ufanye nini, na kama inafaa kuiongezea nguvu au kuitupa. Nimeona niandike mara moja kwa kirefu. Lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Shangazi yangu ana steshenari hapa Kasingirima. Kompyuta moja ya mezani, printa moja, mashine ya fotokopi, basi. Ule msimu wa vijana kuomba mkopo wa elimu ya juu ndio msimu wake wa mavuno, foleni inafika barabarani. Sasa asubuhi moja kila tovuti inakataa kufunguka. Ukurasa wa maombi ya mkopo, barua pepe, hata kutafuta tu, vyote vinaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Shangazi akanipigia: "Mwanangu, njoo, mtandao umekufa na watoto wa watu wanalia hapa."

Nikafika. Nikajaribu simu yangu kwa mtandao ule ule, inafungua vizuri tu. Basi nikajifanya bingwa, nikatamka lile neno ambalo mafundi wengi tunalipenda: VIRUSI. Nikachomeka flashi, nikafomati, nikaweka Windows upya. Saa mbili baadaye kila kitu kinafunguka, nikapewa soda, nikaondoka kifua mbele.

Kesho yake asubuhi simu tena. Tatizo lile lile! Safari hii nikatulia, nikatazama kona ya chini ya skrini. Tarehe inasema Januari 2012.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Hakukuwa na virusi wala nini. Ilikuwa betri ndogo ya saa, ambayo mtaani kwetu niliinunua shilingi elfu mbili. Na ile diski niliyofomati ilikuwa na CV za nusu ya mtaa, barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti, na hesabu za madeni ya duka. Shangazi hakunigombeza. Alikaa kimya, kisha akachukua daftari jipya akaanza kuandika madeni anayoyakumbuka. Bora angenigombeza.

KWA NINI SAA IZUIE MTANDAO?

Fungua ubavu wa kompyuta yoyote ya mezani utaona kwenye mazabodi kibetri cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032, volti 3. Kazi yake kubwa ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati mashine haina umeme. Kikifa, kila ukikata umeme mashine inasahau tarehe na kurudi ile ya kiwandani.

Upande wa pili, tovuti karibu zote siku hizi zina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayoamini tuko 2012 ikioneshwa cheti kilichotolewa mwaka huu inasema: hiki bado hakijaanza kazi, huyu tapeli, simfungulii. Yaani mashine inakulinda, ila imepotea majira. Mara nyingi kivinjari chenyewe kinaandika kabisa kwamba saa yako iko nyuma, lakini nani anasoma? Na usitegemee Windows ijirekebishe saa yenyewe kwa intaneti. Tofauti ikiwa ya miaka, mara nyingi inashindwa.

Huku kwetu jambo hili linatupata zaidi. Kompyuta iliyochomekwa ukutani, hata ukiizima, inapata umeme kidogo wa kutunza saa, kwa hiyo penye umeme usiokatika betri inaweza kufa na usijue kwa miezi. Sisi Kigoma kwa miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiendeshwa na majenereta ya dizeli, na gridi ilianza kuingia mkoani mwaka 2022. Tumezoea umeme wa kuja na kuondoka. Halafu kuna radi. Ng'ambo ya ziwa, milima ya mashariki mwa Kongo, ni moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mvua zikianza tunalijua hilo kwa masikio. Ndiyo maana shangazi huchomoa kila kitu jioni. Anafanya vizuri sana, aendelee! Ila ukichomoa kila jioni na betri imekufa, kila asubuhi unaanza na 2012.

Dawa: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini. Sukuma kile kishikizo, betri itaruka, weka mpya maandishi yakiwa juu. Washa, ingia BIOS (F2, F10 au Delete, inategemea kampuni), weka tarehe na saa, hifadhi. Kama mashine bado inawaka vizuri, kabla hujatoa betri piga picha kurasa za BIOS kwa simu. Mipangilio ya diski ikibadilika, Windows inaweza kugoma kuwaka ukadhani umeua mashine.

UTARATIBU WANGU SIKU HIZI

Baada ya fedheha ile nimejiwekea sheria: anza na kisichogharimu kitu, malizia na kinachofuta. Kufomati ni cha mwisho kabisa.

1. Haiwaki kabisa. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine kwanza. Angalia swichi ndogo nyuma kwenye pawa saplai, watoto huipiga kwa goti. Mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina pia kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kwetu umeme ni volti 230. Ukichomeka kikiwa kwenye 115, utasikia mlio PAA! na harufu, na pawa saplai ndiyo imekwenda. Ukibidi kununua nyingine, beba ile mbovu dukani, maana mashine nyingi za ofisini zina umbo na plagi za peke yake. Na pawa saplai yenyewe usiifungue, inahifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa.

2. Feni inazunguka ila skrini nyeusi. Kwanza waya wa monita: kama kuna kadi ya grafiki, waya uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Kisha RAM. Hapa kwetu vumbi na unyevu vinatia kutu laini kwenye yale meno ya dhahabu. Toa RAM, yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike kak! pande zote mbili. Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Mashine ngapi nimeshaambiwa "mazabodi imekufa" na kumbe dawa ni kifutio.

3. Inawaka halafu inajizima baada ya dakika chache. Hiyo ni joto. Fungua, utakuta vumbi limefanya blanketi juu ya prosesa, na wakati mwingine mjusi kajikausha humo. Puliza au tumia brashi ya rangi iliyo kavu, ila shika feni kwa kidole isizunguke kwa upepo. Kama mashine ni ya miaka mingi, badilisha na ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma chake.

4. Iko taratibu kama boti iliyoishiwa mafuta. Usikimbilie virusi! Pakua programu ya bure ya CrystalDiskInfo, itakuambia afya ya diski. Ikionesha tahadhari, ACHA kila kitu, hamisha mafaili siku hiyo hiyo. Diski inayokufa haisubiri mwisho wa mwezi.

KUIONGEZEA NGUVU

Una hela ya kitu kimoja tu? Nunua SSD. Diski ya kawaida ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta, na huo mkono ndio unaokuchelewesha. SSD haina kitu kinachozunguka. Mashine iliyokuwa inawaka dakika tatu huwa inawaka chini ya dakika moja. Ile diski ya zamani, kama ni nzima, ibakishe ndani kwa kuhifadhia mafaili.

Cha pili ni RAM. Kwa kazi za steshenari na masomo, 8GB inatosha. Ila DDR3 haiingii penye DDR4, kata yake ni tofauti, kwa hiyo usilazimishe kwa nguvu, nenda dukani na ile ya zamani. Na kama Windows yako ni ya biti 32, kuzidi 4GB ni kutupa hela, haitaziona.

KABLA YA KUNUNUA YA MTUMBA

Muuzaji atakuambia "hii ni Core i5, chuma." Muulize i5 ya lini? Soma namba baada ya kistari: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-8500 ni kizazi cha 8. Wote wanaitwa i5, lakini kati yao kuna miaka kadhaa.

Hii ina maana kubwa sasa, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, RAM 4GB na diski ya 64GB. Chini ya hapo utauziwa mashine kwa bei ya kwenda mbele wakati yenyewe inarudi nyuma. Kama tayari unayo ya zamani, usiitupe. Weka Linux Mint, ni ya bure, inafungua tovuti, inaandika barua, inachapa. Kabla hujahamia, hakikisha tu kwamba printa yako inaelewana nayo.

UKIIPANGA DUKANI AU NYUMBANI

Usiiweke sakafuni, ndiko vumbi liliko. Acha nafasi nyuma ipumue. Umeme ukirudi huwa unarudi na kishindo, kwa hiyo tafuta hata frijigadi inayosubiri kidogo kabla ya kuachia umeme, na mfuko ukiruhusu ongeza UPS upate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Mvua yenye radi ikija, chomoa, pamoja na waya wa mtandao. Na kila Ijumaa nakili mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje inayolala nyumba nyingine.

Turudi kwa shangazi. Vijana wa foleni ile walifanikiwa kutuma maombi yao, akiwemo binti mmoja aliyekuwa amebakiwa na siku mbili tu dirisha kufungwa. Kama ningetafuta virusi siku ya pili na ya tatu, sijui ningemwambia nini mama yake. Waliokuja kudai CV zao niliwaandikia upya bure, jioni kumi na moja mfululizo. Madeni mengine hayajarudi mpaka leo, na shangazi anayataja kila nikiomba nauli.

Kwa hiyo mdau, ukiwa hapo kafe na tovuti zote zinakataa, kabla hujamlaumu mwenye kafe, tupa jicho kona ya chini kulia. Mwenye swali au aliyekutana na tatizo lingine aache maoni hapa chini, aseme na aina ya mashine ili tusipige ramli. Mafundi wenzangu mkiona nimekosea, nirekebisheni.

Nawasilisha.