Siku Nne Katika Pwani ya Kusini ya Australia

Tangu turejee kutoka Australia, hapiti mtu barazani petu ila hutuuliza, "Mwalimu, uliona nini huko?" Wanafunzi wa chuoni nao hawatuachi. Kwa kuwa habari moja haisimuliki vizuri mara arobaini, tumeona ni heri tuiandike hapa, ipate kusomwa majumbani na wazee kwa vijana, na kila mmoja achukue lililo lake.

Binti yetu anaishi na mumewe katika mji wa Geelong, jimbo la Victoria, na wana mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili aliyezaliwa huko huko. Tulikwenda kuwazuru kwa muda wa miezi miwili. Mtoto ni mpole na ana adabu. Lakini tulipomsemesha Kiswahili alitujibu kwa Kiingereza, nasi Kiingereza chetu ni kile cha shule ya msingi, nacho kimekwisha kuota kutu. Basi tukawa babu na mjukuu katika nyumba moja, tukitazamana kama mabubu wawili. Mama yake alipoliona jambo hilo likimkera kila mmoja wetu, akasema kuwa shule zikifungwa kwa likizo ya majira ya baridi tutapanda motokaa sote, tusafiri siku nne kando ya bahari. Wakati huo ulikuwa Julai, mwezi ambao kwao ni wa baridi kali na mchana mfupi.

Siku ya Kwanza: Njia Iliyochongwa kwa Mikono

Njia tuliyoifuata yaitwa Great Ocean Road, yaani Njia Kuu ya Bahari. Huanza Torquay, ikaishia karibu na Warrnambool upande wa magharibi, na urefu wake ni kilomita 243. Huko, kama kwetu, magari hushika mkono wa kushoto. Kwa hiyo aendaye magharibi huwa na bahari ubavuni pake. Kulia ni mlima, kushoto ni maji, na kati yao ni ukanda mwembamba wa lami ujipindao kama nyoka.

Tulipofika mahali paitwapo Eastern View tukaona tao kubwa la magogo limevuka njia, na pembeni yake sanamu ya wafanyakazi wawili. Hapo pana ubao wa maelezo. Tukamwomba mjukuu wetu atusomee. Akatusomea kwa Kiingereza. Tukamwambia, "Sasa tusomee tena, lakini kwa maneno ya babu yako." Akakuna kichwa, akaanza kidogo kidogo, na neno alilolikosa alilionyesha kwa mkono. Hivyo ndivyo tulivyopata kujua habari za njia hiyo, na yale yaliyobaki tuliyapata kwa mama yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari wengi wa Australia walirudi kwao hawana kazi, na wenzao wengi walikuwa wamezikwa ugenini. Ndipo watu wa jimbo hilo, akiwamo meya wa Geelong aliyeitwa Howard Hitchcock, wakakata shauri kuwa badala ya kuwajengea waliokufa mnara wa mawe tu, wawajengee njia. Kazi ilianza mwaka 1919. Askari wapatao 3,000 waliorejea vitani waliichonga milima kwa sururu, beleshi, baruti na magari ya mkono, wakilala katika mahema. Njia ilifunguliwa Novemba 1932, na Hitchcock mwenyewe hakuwahi kuiona siku hiyo, kwani alifariki miezi michache kabla yake. Wapitao walitozwa ada hadi mwaka 1936, kisha njia ikakabidhiwa serikali.

Sisi watu wa Tanga vita hivyo si vigeni kwetu. Novemba 1914 vilifika mjini kwetu, na watu wetu wakafa kwa maelfu wakiwabebea mizigo Wazungu waliokuwa wakipigana wao kwa wao. Tulimweleza mjukuu wetu kuwa jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, asili yake ni hao wapagazi. Akatuuliza kwa Kiswahili, swali lake la kwanza katika safari ile: "Na wao walijengewa njia, Babu?" Tukanyamaza kidogo, kisha tukamjibu kweli, kwamba hawakujengewa.

Usiku tulilala Lorne. Mjukuu wetu akatuonyesha kibla kwa simu yake. Kwetu Tanga tukisali huelekea kaskazini; huko kibla ni magharibi, kaskazini kidogo.

Siku ya Pili: Moto, Wanyama na Mnara wa Taa

Asubuhi tulipita kijiji cha Wye River, kilicho ubavuni mwa mlima. Siku ya Krismasi ya mwaka 2015 moto wa msituni ulikishukia kijiji hicho na jirani yake, ukateketeza nyumba 116. Hata mtu mmoja hakufa, kwa kuwa watu waliambiwa waondoke mapema nao wakatii. Mikaratusi ya huko ina mafuta katika majani yake, na pepo za kiangazi zikivuma kutoka bara hushika moto upesi mno. Mwaka 1983, mwezi wa Februari, pwani hiyo hiyo ilikuwa imeungua vibaya.

Mbele kidogo, Kennett River, tulimwona koala. Ni mnyama wa kijivu, masikio manene, mwenye mfuko wa kubebea mtoto kama kangaruu. Alikuwa amekaa penye panda ya mti, amelala mchana kweupe. Chakula chake ni majani ya mikaratusi, ambayo yana sumu kwa wanyama wengi na hayana nguvu nyingi mwilini. Ndiyo sababu hulala muda mrefu. Karibu na rasi ya Otway walizidi wingi wakayala majani ya miti hadi miti ikakauka, wakaanza kufa kwa njaa, na katika miaka ya 2013 na 2014 maofisa waliona hawana budi kuwaua mamia waliokuwa wamedhoofu. Mjukuu wetu hakupenda kusikia hayo. Hata hivyo ni vema kijana ajue kuwa kila kiumbe, japo kizuri namna gani, kikila kupita kiasi cha mahali pake hujiletea maangamizo.

Alasiri tulifika rasi ya Otway penye mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1848. Zamani hizo merikebu za matanga zilizotoka Uingereza zilivuka bahari ya kusini miezi mitatu bila kuona nchi, kisha zikapaswa kupenya katika mlango wa maji wa kilomita karibu 90, kati ya rasi hiyo na kisiwa cha King. Mwaka 1845 merikebu iitwayo Cataraqui ilikosea, ikapanda mwamba kisiwani, na watu wapatao 400 wakafa. Mnara ulijengwa baada ya misiba kama hiyo. Kabla ya mnara na kabla ya merikebu, nchi hiyo ilikuwa ya Wagadubanud, wenyeji wa asili, ambao wengi wao waliangamizwa kwa kuuawa na kwa maradhi wageni walipoingia. Jambo hilo nalo lisisahauliwe na yeyote asifuye uzuri wa pwani ile.

Siku ya Tatu: Nguzo za Baharini

Asubuhi tulipita msitu wa Otway, wenye mvua nyingi na makangaga yaliyokua marefu kama minazi michanga. Kisha msitu ukaisha ghafula, nchi ikawa tambarare, na mbele yetu ardhi ikakatika kana kwamba imekatwa kwa kisu. Hapo ndipo zisimamapo zile nguzo ziitwazo Twelve Apostles, yaani wale Hawari kumi na wawili, wanafunzi wa Nabii Isa, amani iwe juu yake.

Nguzo hizo ni mawe ya chokaa rangi ya asali, na ndefu zake hufika mita 45. Hazikuwa kumi na mbili kamwe; tisa ndizo zilizokuwa zikionekana. Mawimbi hulila genge chini yake hadi likawa pango, pango likatoboka likawa tao, kisha tao likaanguka kati na kuacha nguzo pweke majini. Nayo nguzo huliwa vivyo hivyo. Julai 2005 moja iliporomoka mbele ya macho ya watalii, ikabaki rundo la mawe, zikasalia nane. Mwaka 1990, magharibi zaidi, daraja la mwamba lililoitwa London Bridge lilianguka sehemu iliyoungana na nchi, na watu wawili wakabaki upande wa baharini hata walipochukuliwa na helikopta. Hawakuumia. Dakika chache nyuma walikuwa wamepita juu yake kwa miguu.

Karibu na hapo pana ghuba nyembamba iitwayo Loch Ard. Tarehe 1 Juni 1878 merikebu ya jina hilo ilikuwa safarini kutoka Uingereza na watu 54. Ukungu ukaifunika pwani, nahodha akadhani nchi i mbali, na ulipofunguka magenge yalikuwa mbele yake. Watu 52 walikufa. Kijana Tom Pearce, mwanafunzi wa ubaharia, mawimbi yalimsukuma hadi ndani ya ghuba. Na alipokwisha kupona yeye, akasikia sauti ya msichana, Eva Carmichael, aliyeshikilia kipande cha mlingoti. Akarudi majini, akaogelea, akamtoa, akamlaza pangoni, kisha akakwea genge kutafuta msaada. Msichana yule alikuwa amepoteza wazazi na ndugu zake. Watu wa magazeti walitaka wale wawili waoane. Hawakuoana, na msichana akarudi kwao Ireland.

Habari hiyo mjukuu wetu alitusomea yote kwa Kiswahili, nasi tulifurahi sana. Labda furaha yetu ndiyo iliyotughafilisha. Tulipogeuka tukamwona amevuka kamba ya kuzuia watu, amesimama ukingoni na simu mkononi, anataka kupiga picha. Ukingo ule chini yake ni mtupu. Tukatafuta neno la Kiingereza, wallahi hata moja halikuja. Tukapaza sauti kwa nguvu zetu zote: "Rudi! Rudi nyuma!" Akageuka saa ile ile, akarudi.

Hapo sisi tukakosea. Badala ya kumshukuru Mungu na kumshika mkono, tulimkaripia mbele ya watu kwa maneno makali, tukamwita mjinga. Mtoto akainamisha uso. Tangu hapo hadi usiku hakusema neno, si la Kiswahili wala la Kiingereza. Tulizoea chuoni kuwa mtoto akikosa hugombezwa, na habari imekwisha. Lakini usiku ule tuliona kwamba lile tulilolijenga siku tatu, jiwe juu ya jiwe, tumelibomoa kwa pumzi moja, kama nguzo ya baharini.

Baada ya sala ya Isha tukaenda kuketi kitandani pake. Tukamwambia, "Kuvuka kamba ulikosa. Kukuita mjinga nilikosa mimi. Nilikuwa na hofu, nisamehe." Akatuuliza, "Hofu ni nini?" Tukaweka mkono wake kifuani petu, tukamweleza. Akasema, "Nami nisamehe, Babu."

Siku ya Nne: Tausi wa Udongo

Siku ya mwisho tulifika Warrnambool. Katika ufuko wa Logans, majira ya baridi, nyangumi jike huja karibu na pwani kuzaa na kunyonyesha. Tulingoja saa nzima katika upepo, kisha mgongo mweusi ukainuka majini mara mbili, ukazama. Hapo Warrnambool pia pana kisiwa kidogo cha pengwini, ambacho maji yakipwa mbweha waliweza kukifikia na kuwaua ndege hao. Tangu mwaka 2006 watu waliweka mbwa wa kulinda kondoo wawalinde pengwini.

Tukaingia makumbusho ya mabaharia, Flagstaff Hill. Humo mna tausi mkubwa wa udongo wa kauri, aliyekuwa akipelekwa kwenye maonyesho ya Melbourne ndani ya ile merikebu ya Loch Ard. Merikebu ilivunjika, watu 52 wakafa, na tausi akatupwa ufukoni salama ndani ya sanduku lake. Mjukuu wetu alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akasema, "Babu, huyu ndege ni wa udongo na hakuvunjika. Watu walivunjika." Kiswahili chake hakikuwa fasaha, lakini sisi hatukumsahihisha.

Tulirudi Geelong kwa njia ya bara, kati ya malisho ya ng'ombe na kondoo.

Ndugu wasomaji, twawapa mawili. Wazazi mlio ughaibuni, msiseme mtoto atajifunza lugha ya kwao akikua. Semeni naye sasa, na mkimpa kazi ndani ya lugha hiyo atajifunza upesi kuliko mkimpa somo. Siku aliposimama ukingoni, neno lililomrudisha ni lile alilosikia kwa mama yake angali mdogo. Nasi wazee na waalimu, tukimkosea mtoto tusingoje asahau. Mtoto hasahau, hunyamaza tu.

Juzi imetufikia barua kutoka Geelong, ya mkono, ukurasa mmoja. Ina makosa kumi na manne. Tumeiweka ndani ya kabati la vitabu, na jibu lake tumekwisha kulipeleka posta.